Chui Ambaye Hakuwepo

Nasieku, mama,

Mmeondoka saa nane kwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomfahamu hatawaacha mrudi kabla ya chai. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kukaa hapa barazani na daftari lako la kidato cha sita, lile lililobaki na kurasa tupu nyuma. Mambo ya kesho nimemwachia mama yako. Yeye ndiye atakayekuambia habari za basi, za blanketi, na za watu wa kuwaepuka huko Dar es Salaam. Mimi nina jambo moja, nimelibeba tangu gulio la wiki iliyopita, na kila ulipoingia jikoni ukiniita Baba nimelimeza tena.

Naandika kwa mkono wangu. Utaona herufi ni kubwa na zinapanda juu ya mstari. Mkono ndio uliosahau. Jicho la kulia linaona kila kitu, mpaka ule mpasuko wa kikombe chako cha bluu ambao sikujua kama upo.

Nimemjua yule dereva aliyetupeleka Moshi.

Nilitaka kuliandika hilo mapema ili usisome kurasa zote ukijiuliza baba anazunguka nini. Sasa nivumilie, kwa sababu sitaki kukuandikia hasira tu. Kuna mengine nayo nimeyaficha, ya kwangu mwenyewe, na nikikuandikia la kwako bila ya kwangu nitakuwa nakudanganya mara nyingine.

Unajua nilivyokuwa nikijisifia macho. Nilipokuwa nachunga mbuzi huku juu karibu na msitu, baba yangu alikuwa akiwaita wazee wenzake wanisikilize nikiwahesabia ng'ombe walio ng'ambo ya korongo, na rangi zao. Nilipokuja kupata kazi ya kuongoza wageni pale Usa River, macho yakanipa jina. Mgeni akija anatafuta ndege fulani mdogo, bosi alisema apewe Lazaro. Nilikuwa naona kichwa cha swala kwenye majani kabla wageni hawajatoa darubini kwenye mifuko yao. Sikusoma sana, lakini mbele ya watu waliosoma mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonyesha vitu.

Melkiori alikuwa dereva wangu kwa miaka kumi na moja. Wewe ulimwita anko Melki kabla hujaweza kutamka jina lako mwenyewe. Mchaga aliyekuja Arusha peke yake, akapanga chumba Usa River. Jumapili akitoka kanisani kwao Katoliki alipanda mpaka huku Olmotonyi kula kwetu, na mama yako alimwekea sahani hata siku ambazo hakusema kama atakuja. Kazi yetu ilikuwa imegawanyika vizuri. Yeye anaendesha, mimi nazungumza.

Ukungu wa macho ulianza kama uchafu kwenye kioo. Tulikuwa kwenye maziwa ya Momela asubuhi, na wale heroe, ndege wa miguu mirefu, ambao nimewaonyesha wageni mara mia walikuwa wameungana, wote, wakawa utepe mmoja wa waridi juu ya maji. Nikamwomba Melkiori asimame nifute kioo cha mbele. Nikafuta, nikarudi, utepe ukawa uleule. Nikashuka tena. Mara ya tatu alinishika mkono, akaniambia polepole kwa Kiswahili ili wageni wasielewe, kwamba kioo ni safi.

Ukungu wa mlimani naujua tangu utoto. Unashuka, unakaa juu ya mipaina, jua likipanda unachanika. Huu wangu nilipogeuza kichwa ulinifuata. Ndivyo nilivyojua haukuwa wa nje, na nilijua siku hiyohiyo. Usidhani ilinichukua muda. Kilichonichukua muda ni kukubali mtu mwingine ajue.

Melkiori alijua, kwa hiyo tukapatana. Akiwa anaendesha, aliongea chinichini kama mtu anayejisemea: kushoto twiga watatu, mmoja ndama, mbele ngiri anavuka, juu ya mti mkubwa mbega, kama watano. Mimi nilichukua maneno yake nikayageuza Kiingereza, nikaongeza yale ninayoyajua, na wageni walifurahi kama zamani. Yeye alikuwa macho, mimi mdomo. Tulifanya hivyo misimu miwili. Nilimwamini kwa namna ambayo sijawahi kumwamini mtu, hata mama yako, kwa sababu mama yako alipokuwa ananiambia kitu niliweza kukihakikisha kwa mkono.

Habari ya chui umeisikia mara nyingi. Safari hii nitaisema yote.

Siku ile bosi alipanda nasi, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Alikaa nyuma kabisa. Kulikuwa na wageni watano, mmoja mama mzee mwenye kofia ya kamba ambaye alikuwa akiandika kila ndege kwenye kitabu chake. Tulipopita ziwa la kwanza na kuingia chini ya miti, Melkiori akapunguza mwendo. Akasema, kwa sauti ileile ya siku zote, "Kulia, tawi la chini la mti ule mkubwa. Chui amelala."

Unajua chui wa kule hawaonekani hovyo. Kuna waongozaji walioacha kazi bila kumwona. Nikawaambia wageni wanyamaze, nikawaambia chui, kulia, tawi la chini. Niliona kitu kirefu, chenye manjano na weusi, kimelala juu ya tawi. Nikawaeleza kichwa kiko upande gani. Nikawaeleza mkia unavyoning'inia. Watu wakawa wanainua darubini, wanazishusha, wanaziinua tena. Yule mama mzee akaniambia kwa upole kwamba yeye haoni. Nikamwambia atazame mkia, unatikisika.

Hakukuwa na chui. Lilikuwa tawi kavu lenye kuvu, jua likipenya kwenye majani juu yake. Kila mtu ndani ya gari aliliona tawi isipokuwa mimi. Nakumbuka hakuna aliyecheka, na hicho ndicho kilichonichoma zaidi. Melkiori akawasha gari. Jioni bosi aliniita akaniambia nikapumzike, nikatibiwe, kazi itanisubiri. Wiki iliyofuata Melkiori ndiye aliyekuwa akizungumza na wageni, na kijana mwingine anaendesha. Baadaye mpishi wa kambi alinieleza kwamba walipanga, bosi na Melkiori, jana yake. Bosi alitaka uhakika, Melkiori akampa njia ya kuupata.

Nilirudi nyumbani ukiwa kidato cha pili. Nikakataza jina lake lisitajwe. Ulikuwa mtoto, ulilia, ulinuna, halafu ukazoea. Nilidhani ulizoea.

Sasa jambo la kwanza nililokuficha. Sijawahi kumwambia mtu, hata mchungaji.

Kama mwezi mmoja kabla ya chui, mama mmoja mgeni aliniomba ashuke kidogo, alikuwa amebanwa. Melkiori alikuwa nyuma ya gari anaangalia tairi. Nikatazama upande ule, nikaona kichaka cheusi na majani, nikamwambia ashuke, pako salama. Alikuwa ameshakanyaga chini na kupiga hatua mbili tatu Melkiori alipomshika mkono kwa nguvu akamrudisha ndani. Kile kichaka kilikuwa nyati dume, peke yake, ameinua kichwa. Melkiori hakupiga kelele. Aliingia, akafunga mlango, akaendesha. Jioni alinisihi niende hospitali. Nilimwambia nitakwenda. Siku tatu baadaye akaniuliza, nikasema nimekwenda, wamesema hakuna tatizo kubwa. Sikuwa nimekwenda.

Jambo la pili. Nilipoachishwa kazi nilikwenda kweli, mjini, nikaandikiwa kadi, nikakaa kwenye benchi. Nesi akaita jina langu mara mbili. Nikainuka kama mtu anayeelekea mlangoni kwa daktari, nikatoka nje, nikapanda gari la kurudi Ngaramtoni. Niliwaambia nyinyi kwamba daktari amesema macho yangu hayatibiki. Mama yako alilia usiku ule. Nilimfariji kwa uongo uleule uliomliza. Niliogopa kisu, ni kweli, lakini niliogopa zaidi kupona. Ningepona, ningelazimika kurudi Usa River kumtazama yule mtu usoni. Kipofu ana haki ya kukaa barazani na chuki yake, hakuna anayemsumbua.

Ndivyo tulivyoishi miaka mitano, wewe ukiwa msomaji wangu. Barua za shule, ujumbe wa simu, Biblia, majina kwenye dawa za ng'ombe. Na mwaka huu wa mwisho, ulipoanza kuazima vitabu kwa yule padre mstaafu aliyefundisha falsafa seminari, ukaniletea pia mambo hayo. Nitakuambia ukweli: zile jioni tukipukuchua mahindi, wewe unanieleza wanafalsafa wanavyobishana kuhusu kuona, zilikuwa raha kubwa kuliko zote nilizopata tangu nitoke Momela. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari ya ugonjwa wangu kama swali lenye heshima. Walikuwa wananiuliza kama unauma.

Ninakumbuka ulivyonigawia makundi yao. Kuna wanaosema tunaviona vitu vyenyewe, hakuna kitu katikati, na jicho bovu linavifikia vibaya tu, kama mkono wenye glavu nene. Kuna wanaosema kuona ni kama kupewa taarifa ndani ya kichwa kuhusu vitu vya nje, na taarifa inaweza kuwa kweli au uongo. Hao nao wamegawanyika: wengine wanasema taarifa ya ukungu ni ya uongo, inadai kwamba vitu vina kingo zilizofifia wakati havina, wengine wanasema haidai chochote kuhusu kingo, imenyamaza tu mahali ambapo jicho zima lingesema. Halafu wako wanaosema ukungu ni wa kuona kwenyewe, hautuambii lolote kuhusu dunia, kama doa la mvuke kwenye miwani.

Uliniuliza, "Baba, ukinitazama hapa, unaona mtu mwenye ukungu, au unamwona Nasieku, ila unamwona vibaya?"

Nilikujibu kwamba sijawahi kudhani wewe una ukungu. Kama kitenge kimechapwa vibaya, rangi zimevuja, hata mwenye macho mazima anaona kitenge kilichovuja. Lakini mimi nikikitazama kitenge kizuri sioni kimevuja. Najua ni mimi. Ulifurahi, ukasema padre ataupenda mfano huo, ukauandika. Wale wanaosema jicho langu linadai uongo, tuliwaondoa siku ile. Jicho langu halikuwa linasema uongo. Lilikuwa linasema kidogo.

Wiki moja baadaye uliniuliza swali jingine. Ulitaka kujua, mtu akiwa umbali wa kiti cha nyuma na cha mbele cha gari, ninamtambuaje. Kwa sura, kwa sauti, au kwa umbo. Nikakujibu kwa kirefu, kwa sababu nilidhani tunaendelea na yale yale. Nilikuambia sura siioni kabisa, umbo linaweza kunidanganya, mtu namjua kwa sauti. Ukasema, "Kwa hiyo asiposema kitu humjui." Nikasema simjui.

Nilidhani ni falsafa, Nasieku. Sasa najua ulikuwa unapima.

Siku nne baada ya hapo ukasema kanisa limepata gari la kupeleka wagonjwa wa macho Moshi, na kwamba nafasi yangu ipo, na kwamba madaktari wa kule wanatibu hata yale ambayo wa hapa wameshindwa. Ulilia kidogo ukinisihi, nikakubali kwa ajili ya machozi yako. Gari likaja, hakukuwa na mgonjwa mwingine. Ulisema wengine wameghairi. Ulisema dereva anaumwa koo, hawezi kuongea. Nilimpa pole. Nilimsalimia, akainamisha kichwa. Nilikaa nyuma yake kutoka hapa mpaka Moshi, tukapita Usa River, nikawa nakusimulia wewe kwa sauti kubwa kwamba pale kwenye njia ya kupanda Momela ndipo mtu fulani aliponimaliza. Nilisema maneno makali. Ulinishika goti. Nilidhani unanituliza mimi.

Nikatolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Daktari alisema ni kitu cha kawaida, akashangaa kwa nini nilingoja. Bandeji ilipofunguliwa nilikuona wewe kwanza, na siku ile sikukuambia: umekuwa mwanamke mzima. Uso nilioubeba kichwani ulikuwa wa mtoto wa kidato cha pili. Wakati wa kurudi dereva alikuwa mwingine, aliyeongea mno.

Wiki iliyopita, siku ya gulio, nilikwenda Ngaramtoni peke yangu kununua kamba ya ng'ombe. Nilikuwa natembea kama mtoto, natazama kila kitu: nyanya, mafundo ya mitumba, nzi. Kando ya barabara kulikuwa na gari limeegeshwa, na dereva ndani yake amenipa mgongo. Alikuwa ametoa kiwiko cha kulia dirishani, na kichwa amekilaza kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kitu kwenye injini. Nilisimama. Umbo lile nilikuwa nimelitazama saa mbili nzima nikienda Moshi. Na kabla ya hapo nilikuwa nimekaa pembeni yake miaka kumi na moja.

Nililiona siku ile, mwanangu. Kiwiko, kichwa, bega moja limeshuka, vyote vilikuwepo katika ukungu. Jicho lilinipa, mimi ndiye niliyekuwa nimeshaambiwa ni dereva wa kanisa anaumwa koo, nikatosheka. Nilisimama pale na kamba mkononi nikafikiria yote tuliyoyasema juu ya wanafalsafa wako, na nikaona kwamba wote wanazungumza kana kwamba mtu anatazama dunia akiwa peke yake. Mimi sijawahi kutazama peke yangu tangu ukungu uingie. Siku zote palikuwa na mtu sikioni.

Nikaenda upande wa dirisha lake. Amezeeka. Nywele za pembeni ni nyeupe, na mimi nilikuwa nimemchukia mtu mwenye nywele nyeusi.

Alinitambua mara moja. Alishuka, akavua kofia. Hatukusalimiana.

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyetupeleka Moshi."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesema, ungeshuka njiani."

Nilijua ni kweli na sikumpa furaha ya kukubali. Nikamuuliza la chui. Nilikuwa nimelipanga swali hilo miaka mitano, kwa maneno mazuri, na nilipofungua mdomo lilitoka fupi tu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia usoni.

Akasema aliniambia usoni mara nne, na mara zote nilimdanganya. Akasema baada ya yule mama na nyati hakulala vizuri. Kama angemweleza bosi habari ya nyati, leseni yangu ingekwisha siku hiyo, na huenda polisi wangeingia. Akachagua kitu ambacho kingenitoa kazini bila kuniweka na kesi. Habari ya nyati hakumwambia bosi mpaka leo.

"Lakini chui," nikamwambia. "Ungesema twiga. Ungesema ngiri. Ulijua chui ni nini kwangu."

Akasema, "Nilijua. Nilitaka uamini."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sijamsamehe. Sababu zake zote ni nzuri. Aliokoa mtu, na huenda aliniokoa mimi. Lakini alichagua kitu nilichokipenda, akakiweka mbele ya macho yangu mabovu, akangoja niongeze mkia. Yeye alisema chui amelala. Mkia unaotikisika ulitoka kwangu, na niliuona, Nasieku, naapa niliuona kama ninavyoliona daftari hili. Mpaka sasa nikifumba macho chui yupo na tawi halipo. Hicho ndicho alichoniibia, na hakuna upasuaji wake.

Kisha akanieleza habari zako. Ulimtafuta mwenyewe, ukaenda mpaka Usa River, ukiwa na ile kadi yangu ya hospitali. Uliikuta kabatini. Ulimwonyesha kwamba ina jina langu na tarehe, na haina mwandiko wa daktari hata mstari mmoja. Yeye ndiye aliyekupangia daktari. Kwa hiyo ulijua. Ulijua kwamba nimewadanganya, wewe na mama yako, na ukaendelea kuniletea chai na kunisomea magazeti bila kubadilisha sauti. Sijui niite hiyo huruma au niiteje. Sijamuuliza mama yako kama naye alijua habari ya dereva. Naogopa jibu lake.

Nimeliwaza jambo hili nikiwa na ng'ombe, nikiwa kanisani, nikikutazama ukipanga nguo. Najua utakachosema. Utasema, Baba, leo unaona. Ni kweli. Bila wewe nisingeona kikombe, wala uso wako, wala mlima jinsi ulivyokuwa leo asubuhi, kila bonde peke yake. Umenipa hivyo vyote kwa njia ya kuniweka nyuma ya mtu niliyemkataza, ukamfunga mdomo, ukanishika goti nilipokuwa namtukana mbele yako na yeye akisikia. Naona vizuri na najisikia nimesalitiwa, na la kwanza haliondoi la pili. Sikutaka uondoke ukidhani nina shukrani tu.

Na sina mamlaka ya kukukaripia. Mimi ndiye niliyekufundisha. Mtoto aliyekulia kwa baba anayesema nimekwenda hospitali akiwa hajakwenda, angejifunza wapi njia nyingine? Ulitumia chombo ulichokikuta nyumbani.

Unakwenda kusoma jinsi watu wanavyojua wanachokijua. Utakuwa hodari, padre amesema, nami nilisema kabla yake. Huko utakutana na watu ambao kwenye jambo fulani wanaona kidogo kuliko wewe. Wengine watakuwa wakaidi kama mimi. Utaona wazi kinachowafaa, na itakuwa rahisi sana kumweka chui pale kwenye tawi, au kumnyamazisha dereva. Mimi sijui nikuambie nini juu ya hilo. Nimejaribu kuandika sentensi hapa mara tatu, nimezifuta. Ninachojua ni jinsi ilivyo upande wa pili. Mwenye ukungu anajua ana ukungu. Anaishi kwa kuamini kwamba mahali jicho liliponyamaza, mtu wake hatamjazia kitu kisichokuwepo. Ukishamjazia, hata kwa wema, anaanza kukagua kila kitu ulichowahi kumwambia. Mimi wiki nzima hii ninakagua. Nimejiuliza kama zile barua za shule ulizisoma zote. Nimejiuliza kama siku ile ng'ombe alikufa kweli kwa ugonjwa uliousema. Ni ujinga, najua, na siwezi kuacha.

Kitu kimoja nakuomba, ni cha kesho.

Mama yako amesema kuna gari litakuja alfajiri kukupeleka stendi. Sikuuliza ni la nani, nikaona alivyogeukia sufuria haraka. Kama ni lake, asisimame barabarani na kupiga honi. Aingie uani, azime injini, ashuke. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha mlangoni. Sijui kama nitampa mkono. Huenda nitaingia ndani, na ikiwa hivyo usinifuate kunibembeleza, nenda na basi lako. Lakini kabla sijaamua, nataka wewe usimame kati yetu, na uniambie kwa mdomo wako, "Baba, huyu ni Melkiori."

Nitakuwa namwona. Niambie hata hivyo.

Baba yako,
Lazaro